Madaktari Hawajumlishwi

Ampisikina, Mahajanga
4 Februari 1979

Mdogo wangu Elarif,

Salamu za nyumba hii ni nyingi kuliko karatasi, kwa hiyo zipokee kwa jumla. Sisi wazima. Mume wangu Hamidou bado yuko na kazi yake bandarini, watoto wamerudi shule, cherehani imepata mkanda mpya, na mvua imetoboa paa la jikoni mahali palepale pa mwaka jana. Msalimie mkeo Ansoifa. Mama hajamwona mkwe wake ila kwenye ile picha ya harusi, na wewe humo umesimama ubavu, uso umeuelekeza ukutani kama mfalme wa kwenye sarafu. Mama aliisogeza picha hadi puani akauliza, "Mbona huyu ana upande mmoja?" Nikamwambia ndivyo watu wa Nosy Be wanavyopiga picha siku hizi.

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Unguja makusudi. Wanangu wanasoma Kimalagasi na Kifaransa, na barua ikiingia nyumbani wanaigombania kuisoma kwa sauti. Hii hawataiweza. Tulichojifunza shuleni Unguja kabla ya kuhamia huku leo kimepata kazi.

Jambo lenyewe ni macho ya Mama. La kulia unajua lilishakwisha. La kushoto sasa lina mtoto wa jicho, na juzi alimimina chai kwenye kitambaa cha meza akidhani anamimina kikombeni, kisha akamlaumu Hamidou kwa kuhamisha kikombe. Tumempeleka kwa daktari. Amesema hivi: katika watu mia wenye jicho kama lake, sitini huona baada ya kupasuliwa. Arobaini hawaoni. Na lisipopasuliwa kabla ya mwaka huu kwisha, litakuwa limekomaa mno, naye hataligusa.

Mama amejibu kwa neno moja: atapasuliwa wewe ukiwapo. Mimi niliye naye kila siku sitoshi, na Hamidou aliyembeba mgongoni wakati wa fujo hatoshi. Anamtaka Elarif.

Najua ulivyoondoka. Desemba ya 1976, siku zile sisi Wangazija tulipokuwa tukiuawa mitaani, nani alipata nafasi ya kuaga? Wenzetu wengi walirudishwa Komoro. Sisi tulifichwa na jamaa za Hamidou kwa kuwa wao ni watu wa hapa, na habari zako tukazipata baadaye, kwamba umefika Nosy Be salama. Lakini sasa ni mwaka wa tatu na mji umetulia. Njoo, umshike mkono mama yako, urudi kwenye mafuta yako ya maua.

Dada yako,
Zaïtoun


Hell-Ville, Nosy Be
2 Machi 1979

Dada Zaïtoun, shikamoo.

Barua yako imefika ikiwa imelowa, lakini maneno yako hayakupoa hata kidogo. Mimi na Ansoifa wazima. Maua ya mlangilangi yamejaa mwaka huu, na wanawake wanaanza kuchuma alfajiri ili tupate kuyachemsha kabla jua halijayachosha.

Hapa kiwandani mimi ndiye mwenye daftari. Kila kilo mia za maua hutoa kilo mbili za mafuta. Wiki iliyopita bwana mwenye kiwanda akasema, "Elarif, toka mbili kwa mia nenda tatu kwa mia. Nataka moja tu zaidi." Nikamwambia, bwana, hiyo moja unayoiita moja ni nusu ya mafuta yote tunayotoa. Unataka mtungi uleule wa kuchemshia maua ufanye kazi ya mtungi mmoja na nusu. Alinitazama kama nimemtukana.

Kuhusu Mama, nimesikitika sana. Lakini dada, sitini kwa mia ni kidogo. Mimi hata mtungi siuwashi kwa sitini. Mpelekeni kwa daktari mwingine, tusikie naye anasemaje.

Mbusu Mama mkono.
Elarif


Ampisikina, Mahajanga
30 Machi 1979

Elarif,

Marahaba. Wazima sote, isipokuwa kichwa changu.

Tumempeleka kwa daktari wa pili, mgeni aliyepita hapa wiki moja. Tumesubiri kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa, Mama akisimulia maisha yako kwa kila aliyekaa karibu naye. Huyu wa pili amesema arobaini kwa mia. Umefurahi? Ulitaka wa pili, umempata, naye amepunguza.

Sasa andika siku utakayokuja. Sitaki salamu ndefu, nataka tarehe.

Zaïtoun


Hell-Ville, Nosy Be
21 Aprili 1979

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Usinikasirikie. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu na nimepata faraja kubwa. Huku mafuta tunayakinga kwa mafungu. Yanayotoka mwanzo ndiyo bora, tunayaita ekstra, kisha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila fungu naliandikia asilimia yake, na jioni nikiyajumlisha lazima nipate mia. Nisipopata mia, kuna aliyeiba.

Basi daktari mmoja ametoa sitini, mwingine ametoa arobaini. Jumla mia. Imetimia. Mpasueni Mama bila wasiwasi, wala hamna haja ya mimi kupoteza siku njiani.

Ansoifa anawasalimu. Amewatengenezea chupa ndogo ya mafuta, itakuja na Tadjiddine, yule karani wa meli ya mizigo anayepita huku na huko.

Elarif


Ampisikina, Mahajanga
10 Mei 1979

Elarif, mtoto wa mama yangu,

Chupa imefika, mwambie Ansoifa ahsante. Barua yako nayo imefika, na nimeisoma mara tatu nikidhani nimekosa ukurasa.

Madaktari hawajumlishwi! Wao si mafuta ya mtungi mmoja. Wa kwanza anazungumzia watu wake mia, na wa pili anazungumzia wengine mia. Ukiwaweka pamoja una watu mia mbili, na walioona ni mia moja kati yao. Hiyo ni nusu, Elarif. Umekaa na kalamu ukahesabu nusu, ukaiita timilifu.

Ngoja nikueleze jambo ambalo nilikula kiapo nisimwambie mtu. Mwaka juzi nilipewa kazi ya pazia la chumba cha bibi harusi, ukuta wa mita nne kamili. Kitambaa kile kikiloweshwa hupungua asilimia kumi. Mimi nikasema, kumi ya nne ni sentimita arobaini, basi ninunue mita nne na arobaini. Nikakilowesha, nikakianika, nikakipima: mita tatu na tisini na sita. Kwa sababu kilipungua kumi ya kile nilichonunua, si kumi ya ukuta. Nikalivuta, nikalipiga pasi, halikukubali. Siku ya harusi wanawake wote wa mtaa wa Tanambao waliingia mle chumbani, na pembeni pamebaki upenyo wa vidole viwili, na kila jicho likaenda hapo. Tangu siku ile mtu akinitajia asilimia, namuuliza kwanza: ya nini?

Nakuuliza na wewe. Mia unayoitaka ni mia ya nini? Maana ya jicho hutaipata. Daktari wa hapa, anayemjua Mama, anashikilia sitini yake. Mama anaulizia barua zako kila siku, na mimi namsomea za uongo. Namwambia, "Anasema anakuja karibuni." Umenifanya mwongo mbele ya mzazi kwa umri huu.

Nasubiri tarehe.
Zaïtoun


Hell-Ville, Nosy Be
24 Julai 1979

Dada Zaïtoun, shikamoo.

Samahani kwa kimya. Homa ya malaria ilinilaza karibu mwezi mzima, hata kalamu sikuweza kushika. Sasa nimepona. Ansoifa ana mimba, Inshallah mtoto atakuja Januari.

Maelezo yako ya pazia nimeyaelewa, na nimecheka peke yangu hadi watu wa kiwandani wakaniuliza. Lakini sitini bado ni sitini. Namba ikipanda, nitakuja.

Elarif


Ampisikina, Mahajanga
15 Agosti 1979

Elarif,

Hongera sana kwa habari ya Ansoifa. Mama ameshukuru Mungu kwa sauti hadi jirani yetu Charifa akaja kuuliza kuna nini. Pole kwa homa.

Nina habari njema. Nimekwenda tena kwa daktari. Amepokea vifaa vipya, na sasa anasema themanini na tano kwa mia. Themanini na tano! Katika kila watu ishirini, kumi na saba wanaona. Mama ataona uso wa mtoto wako. Ataona na wako.

Huna kisingizio tena. Njoo.

Zaïtoun


Hell-Ville, Nosy Be
20 Septemba 1979

Dada, shikamoo.

Nimefurahi kusikia hivyo. Lakini msimu wa maua unaanza tena na bwana hatoi ruhusa kwa mtu yeyote. Kwa themanini na tano kwa mia Mama ataona tu, niwepo nisiwepo. Mpasueni. Nitakuja mwakani.

Elarif


Ampisikina, Mahajanga
14 Oktoba 1979

Elarif,

Salamu leo hakuna. Ukizitaka, zifuate mwenyewe.

Tadjiddine alikuja jana kunywa kahawa. Katika mazungumzo akasema, kwa nia njema kabisa, "Elarif alivyokonda ile safari yetu ya Juni!" Nikamuuliza safari gani. Maskini, hakujua kwamba sijui. Akanieleza kuwa ulipanda meli yao Hell-Ville ukiwa na mkoba na kilo mbili za kahawa za Mama. Mkafika Mahajanga asubuhi. Mkafunga gatini. Wapagazi wakapakua mizigo siku nzima, na wewe ukakaa chini kwenye chumba cha karani na kilemba kichwani, hukutia mguu nchi kavu. Jioni meli ikaondoka, ukaondoka nayo.

Kutoka gatini hadi mlango huu ni dakika ishirini kwa miguu. Siku ile nilikuwa nimekaa barazani nashona sare za shule. Hamidou alikuwa palepale bandarini, pengine alibeba gunia juu ya kichwa chako! Ulisafiri asilimia tisini na tisa ya njia, Elarif. Ile moja iliyobaki ndiyo sisi. Halafu ukaniandikia malaria, na mimi nikakupa pole.

Nilikaa usiku kucha nikizisoma barua zako zote tangu mwanzo. Mtu aliyemwambia tajiri wake kwamba moja kwa mia ni nusu ya kazi yote, mtu huyo huyo ashindwe kujua kwamba madaktari hawajumlishwi? Ulikuwa unanizungusha. Hesabu unaijua kuliko mimi. Nilikwambia sitini, ukasema kidogo. Nikakwambia themanini na tano, ukasogea mbali zaidi.

Na mimi nikuambie ukweli wangu, tuwe sawa. Hakuna vifaa vipya. Daktari hajawahi kusema themanini na tano. Namba ile niliitunga mwenyewe hapa kwenye cherehani, nikidhani utaikimbilia. Ni sitini ileile.

Jana Mama alichoka kusubiri. Daktari alipoanza tena maneno ya watu mia, akamkatisha: "Mwanangu, hao watu mia siwajui. Mimi ni mmoja na jicho langu ni moja. Ama litaona, ama halitaona. Andika siku." Wameandika tarehe 26 Novemba. Atapasuliwa bila wewe, na moyo unaniuma kwa ajili yake, na nimekukasirikia kiasi kwamba nikishona sindano zinavunjika.

Kama ni woga wa mji huu, sema woga. Nitauelewa. Nisichokielewa ni hizi namba.

Zaïtoun


Hell-Ville, Nosy Be
1 Novemba 1979

Dada Zaïtoun,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaitikia.

Kila alichosema Tadjiddine ni kweli. Kahawa niliirudisha nyumbani, Ansoifa akaiweka kabatini bila kuniuliza.

Woga wa mji upo, sikatai. Niliposikia sauti za gati ile niliufunga mlango wa chumba kwa komeo. Lakini hilo ningeliweza. Kuna lingine, na nimelificha miaka mitatu.

Desemba ile sikutoka salama kama mlivyoambiwa. Panga lilinikuta Tanambao. Jeraha la upande wa kushoto wa uso wangu lilifunga vibaya, kutoka mahali lilipokuwa sikio hadi pembe ya mdomo. Sikio halipo. Watoto wa Hell-Ville wamenizoea, lakini wageni wakiniona kwa mara ya kwanza huangalia chini. Ndiyo maana ya picha ile. Ndiyo maana ya kilemba.

Mama alipenda uso huu, dada. Unakumbuka alivyokuwa akiwaambia watu Unguja, "Tazameni mwanangu," hadi nikaona haya? Mara ya mwisho aliponiona nilikuwa mzima. Nikawaza kwamba akipofuka, basi atabaki na mimi yule. Nimeyawaza hayo juu ya mzazi wangu, na nimeyaandika sasa ili uyaone. Uliponiandikia sitini, niliogopa kwa sitini. Uliponiandikia themanini na tano, niliogopa kwa themanini na tano. Wewe ulipandisha namba ili nije, na kila ulivyopandisha ndivyo nilivyozidi kurudi nyuma.

Uliniuliza mia yangu ni mia ya nini. Ni ya uso huu.

Usimwambie Mama. Nakuomba kwa Mungu. Mwambie nina kazi. Akiona, aone watoto wako, akuone wewe. Mimi aniache kama nilivyokuwa.

Elarif


TELEGRAMU
Mahajanga, 1 Desemba 1979

MAMA AMEPASULIWA. BANDEJI IMETOLEWA JANA. AMEFUMBA JICHO MAKUSUDI. HAFUMBUI MPAKA WEWE UFIKE. DAKTARI AMEKASIRIKA. MIMI ZAIDI. SIKUMWAMBIA KITU. NJOO. ZAÏTOUN


Hell-Ville, Nosy Be
27 Desemba 1979

Dada yangu Zaïtoun, shikamoo.

Nimefika salama, na safari hii neno salama ni la kweli. Ansoifa amekuwa mzito, anatembea ameshika kiuno na ananituma kama mtumwa. Kahawa ya Juni tumeinywa. Mwambie Hamidou viatu alivyoniazima nitavirudisha kwa mkono wa Tadjiddine.

Nina deni la neno moja kwako. Siku ile hospitali, Mama aliposikia sauti yangu mlangoni, unakumbuka alivyokutuma ukalete maji wakati jagi lilikuwa limejaa. Uliporudi ukanishika mkono pale ukumbini ukaniuliza, "Amesema nini?" Nikakujibu, "Amesema nimekonda." Hakusema hivyo. Nilishindwa kulitoa neno lenyewe mbele za watu, na hata njiani nilipokuwa narudi nililijaribu peke yangu nikashindwa.

Nilikaa kando ya kitanda kwa upande wangu mzuri, kama kawaida. Jicho lake bado amelifumba kama mtoto anayekataa dawa. Akasema, "Zunguka, kaa huku penye dirisha." Nikazunguka. Akasema, "Toa hicho kilemba." Hakuwa ameniona bado, dada. Sijui alijuaje nina kilemba. Nikakitoa. Akapapasa meza, akavaa ile miwani mizito ambayo muuguzi alimwachia, na ndipo akafumbua.

Alinitazama muda mrefu. Nilikuwa natazama sakafu. Akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba taratibu kutoka hapa juu hadi mdomoni, akarudia tena.

Kisha akasema, "Ni hii tu?"

Nikasema ndiyo, Mama. Ni hii tu.

Akasema, "Charifa jirani ndiye aliyekufunga jeraha kwa kitambaa siku ile, aliniambia wiki ileile. Nikamkataza asimwambie dada yako. Miaka mitatu nakaa gizani naikuza alama hii. Mimi niliifanya uso mzima."

Akacheka, Zaïtoun. Akanivuta kichwa kifuani na akawa anacheka na machozi yanamtoka, na mimi nikiogopa lile jicho lisije likaharibika kwa kulia. Ndipo ukaingia na maji.

Nimeketi jana na kioo na rula ya kiwandani. Usinicheke, ndiyo kazi yangu. Kovu lenyewe, nikilipima kwa haki na nikilihesabia na sikio, halifiki asilimia kumi na tano ya uso. Nilikuwa nimeliandikia mia.

Ndani ya bahasha kuna picha mpya. Ansoifa amekaa kwenye kiti, mimi nimesimama nyuma yake. Mpiga picha alinisogeza nikae ubavu, akidhani ananifanyia hisani. Nikakataa. Mpe Mama aishike mwenyewe, na umwambie nimetazama mbele.

Tai ni ya kuazima.

Mdogo wako,
Elarif